Fundi Chomba na Chupa Kumi na Mbili za Ruwenzori

Jeannot Chomba alikuwa fundi wa baridi. Mjini Lubumbashi watu wa kazi yake huitwa frigoriste, lakini katika mitaa ya Kampemba, alikoishi na mkewe Kunda kwa miaka ishirini na sita, walimwita tu Papa Frigo. Ukiwa na friji inayonguruma ovyo, au inayopasha bia badala ya kuipoza, ulimwita yeye. Alikuja na begi lake la ngozi, akaweka kiganja juu ya kompresa kama mkunga anavyoweka kiganja juu ya tumbo, akanyamaza, akasikiliza. Mara nyingi alijua ugonjwa kabla hajafungua skrubu hata moja.

Kazi hiyo hakuichagua kwa kuipenda. Alizaliwa Pweto, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Mweru, na mama yake alikuwa akipeleka samaki wabichi Lubumbashi. Jeannot akiwa na miaka tisa alisafiri naye juu ya lori lililojaa masanduku ya samaki na barafu. Lori likavunjika ekseli porini, wakakaa siku nne. Siku ya kwanza mama alifunika masanduku kwa majani na magunia yaliyoloweshwa. Siku ya pili maji yakaanza kudondoka chini ya lori, tone kwa tone, mchana kutwa. Siku ya tatu hakuna aliyeweza kusimama upande ule ambako upepo ulipeleka harufu. Mama yake hakulia. Alimwaga samaki kichakani, sanduku baada ya sanduku, akanawa mikono kwa mchanga. Tangu siku hiyo hakugusa tena samaki mbichi. Aliuza wakavu tu mpaka uzee wake. Mtoto naye alibaki na woga wake: sauti ya maji yanayodondoka kutoka kitu kilichopaswa kuwa kigumu ilimfanya ageuke haraka kutafuta inakotoka, hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi.

Mtu kama huyo ndiye aliyeitwa na Docta Benita Kapinga.

Docta Kapinga alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Lubumbashi, ila babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Aliongoza maabara ndogo upande wa Naviundu, katika nyumba ya zamani yenye veranda pana na uzio wa matofali. Siku ya kwanza alimwambia Chomba jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kumwambia.

"Papa Chomba, nataka chumba chenye kuwa na baridi kama frigo na mwangaza kama saa sita ya mchana. Byote mbili pamoja, siku zote."

"Docta, taa inaleta moto."

"Najua. Njo maana nimekuita weye."

Chomba alikuna kichwa, akakubali. Alichukua kontena kuukuu, akalitia ngozi ya povu na mbao ndani, akafunga kompresa nje, na taa za balbu zisizochemka akazitundika juu ya rafu. Kazi ilimchukua wiki sita. Mwishoni chumba kilikaa kwenye nyuzi nne za joto bila kuyumba, na taa ziliwaka kutoka asubuhi mpaka jioni. Ndipo Docta alipoleta wageni wake.

Walikuja katika chupa kumi na mbili za kioo, kila moja ikibeba kama lita mbili za maji. Baadhi ya maji yalikuwa ya kijani hafifu, mengine mekundu kama mawese yaliyochanganywa na maji, na chupa mbili zilionekana kama hazina kitu. Docta alimweleza kwa subira. Juu kabisa ya milima ya Ruwenzori kuna barafu isiyoisha mwaka mzima, ingawa kila mwaka inapungua. Ndani ya barafu ile wanaishi viumbe wadogo mno, huwezi kuwaona kwa jicho. Wanajipikia chakula kwa mwanga wa jua kama yanavyofanya majani ya muhogo, lakini wao wanaishi mahali ambapo muhogo ungekufa kwa saa moja. Ili wasife, wanatengeneza vitu vya ajabu. Ile rangi nyekundu ni mwavuli wao, maana jua la kileleni ni kali. Mafuta ya miili yao hayagandi. Na wale wa chupa zilizoonekana tupu wanatoa protini inayoshika chembe za barafu zisikue.

"Zisikue vipi?" Chomba aliuliza. Hapo masikio yake yalisimama.

"Chembe ya barafu inapenda kukula wenzake. Ndogo zinaisha, kubwa inakuwa kubwa zaidi, na inapasua kila kitu. Hawa wanaikataza."

Chomba aliwaza samaki aliyegandishwa polepole, akayeyuka njiani, akagandishwa tena. Nyama yake huwa kama uji, kwa kuwa miiba ya barafu imeichana kwa ndani. Alikuwa ameona hilo maisha yake yote bila kujua kwamba kuna kiumbe duniani aliyelipatia jibu.

"Na hii inaweza kusaidia samaki?"

"Samaki, chanjo, hata damu ya hospitali. Labda. Bado tunatafuta. Rangi ile nyekundu nayo inaweza kuingia mu dawa ya ngozi. Lakini kwanza wabaki wazima, Papa Chomba. Nilibachukua mwaka tulipanda kule mulimani, na sasa njia za Beni za kufika kule haziko za kupita. Nilituma nusu ya chupa kwa wenzangu Ulaya, zikakaa siku tano mu joto ya uwanja wa ndege. Zikakufa zote. Hizi njo za mwisho."

Kwa miaka mitatu Chomba alikuja kila Jumatatu kukagua chumba kile. Hakuwa tena fundi wa kuitwa na kuondoka. Alijua chupa kwa namba zake, alijua ya tisa huwa na povu na ya nne hubadilika rangi mwezi wa saba. Kunda alimtania kwamba ana watoto kumi na wawili Naviundu.

Kosa lake alilifanya mwezi wa tisa.

Jumatatu moja alikuta kompresa inaanza kwa kusitasita. Relais yake, kile kifaa kidogo kinachoipa nguvu ya kuamka, ilikuwa imeungua. Mpya ilibidi iagizwe Kasumbalesa, mpakani, na ingechukua siku tatu au nne. Docta alikuwa na wageni kesho yake na wasiwasi umempanda kichwani. Chomba aliwaza kidogo, akafungua begi, akatoa relais aliyokuwa ameinusuru katika kongeleta kuukuu, friji ya kugandishia ya mwenye baa. Aliisafisha miguu, akaifunga. Kompresa ikaamka vizuri kabisa.

"Masaa mbili tu!" Docta alisema, akapiga makofi. "Mu Lubumbashi muzima hakuna fundi wa kufanya mbio hivi." Akafungua daftari la chumba, lile ambalo kila kitu kiliandikwa, na mbele ya macho ya Chomba akaandika tarehe, kisha: *Relais mupya. Chomba.*

Chomba aliona neno lile. Neno la kumsahihisha lilikuwa tayari ulimini. Lakini sifa zilikuwa bado za moto, na mwanamke alikuwa ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, naye akajiambia: nitaagiza mpya, nitaibadilisha Jumatatu ijayo, na neno litakuwa kweli. Jumatatu iliyofuata mpya haikuwa imefika. Jumatatu nyingine alikuwa na homa. Kompresa ilikuwa inafanya kazi. Neno likabaki daftarini, na kila alipofungua mlango wa kontena, Chomba aliliepuka lile daftari kama mtu anayeepuka mlango wa jirani aliyemkosea.

Mwezi wa kumi ukaingia na joto lake, mvua ikachelewa. Umeme ulikuwa ukija na kuondoka, ukija na kuondoka, hata mara sita asubuhi moja. Jumatano, saa tatu, Chomba akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya muuza nyama, simu ikalia.

"Papa Chomba, uko wapi?" Sauti ya Docta ilikuwa nyembamba. "Chumba kinapanda. Asubuyi kilikuwa nne. Sasa kiko munane, na kompresa inanuka."

Hakuuliza inanuka vipi. Alijua.

"Minakuya, Docta. Zima kila kitu. Usifungue mulango, hata kidogo."

Alipanda pikipiki ya kukodi. Njia nzima ya Naviundu vumbi jekundu lilimpiga machoni, naye hakulifuta. Alikuwa anahesabu nyuzi. Kila saa, uzi mmoja na zaidi. Povu alilotia ukutani lingesaidia, lakini taa zilikuwa zimewaka, na maji ya chupa yakishafuata hewa hayarudi. Docta aliwahi kumwambia kwamba kwenye nyuzi kumi na mbili wengine huanza kuchoka, na kwenye kumi na tano hakuna wa kuamka tena.

Alifungua kifuniko cha kompresa na harufu ya nyaya zilizoungua ikamjia. Relais ile kuukuu ilikuwa imeshikana, imekataa kuachia, na umeme ulioyumba asubuhi ile ukapita moja kwa moja mpaka ukaikaanga mota. Kompresa ilikuwa imekufa. Siyo ya kutengeneza, ya kutupa.

"Ngapi ndani?" aliuliza.

"Tisa."

Chomba akapiga simu, akarudi. "Kompresa ingine inaweza kutoka Kasumbalesa. Nimeshapigia muntu simu. Ijumaa."

Docta alimwangalia kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Ijumaa? Papa Chomba, leo iko Jumatano."

Alikuwa amevaa koti jeupe na viatu vya nyumbani, hakukumbuka kubadilisha. Alitaka kuzihamishia chupa kwenye friji ya jikoni, pale pale. Chomba akamzuia. Friji ya nyumba hugandisha nyuma na kupasha mbele, alisema. Chupa za nyuma zitapasuka, za mbele zitachemka. Na jenereta ilikuwa na mafuta ya kutosha jioni moja tu.

"Giza nayo," Docta alisema, kama anazungumza peke yake. "Siku mbili mu giza batavumilia. Lakini tangu wiki nimebatia kwenye mwangaza mukali sababu batoe ile protini. Nikikata ghafla, naanza miezi mitatu nyuma. Kama bakibaki wazima."

Chomba alikaa juu ya jiwe la mlango. Akajilazimisha kufikiri kitu kimoja: baridi isiyohitaji umeme. Na alipofikiri hivyo akakumbuka kwamba barafu inayoyeyuka ndani ya maji haina uongo. Mpaka kipande cha mwisho kiishe, maji yale hayatapanda sana juu ya sifuri, hata jua liwe kali namna gani.

"Docta, mabeseni makubwa mangapi iko hapa?"

"Tatu. Na lile bafu la bati."

"Yaoshe. Mi naenda kutafuta barafu. Usifungue mulango mpaka nirudi."

Barafu ilikuwa kwa Clovis. Huyu alisimamia ghala la samaki wa kugandishwa huko Kampemba, kijana mnene mwenye haraka, na ghalani kwake mlikuwa na mashine ya kutengeneza vipande vya barafu vikubwa kama tofali za ukuta. Lakini saa ile wanawake wauza samaki walikuwa wamejaa mlangoni, vikapu na ndoo miguuni, kwa sababu umeme ulipokatika mashine nayo ilisimama. Vilibaki vipande saba.

"Vieux Chomba, mzee wangu, haiwezekani," Clovis alisema hata kabla hajamaliza kuulizwa. "Kimoja nitakupa, sababu njo weye. Sita iko ya Mama Mutale. Alilipa jana."

Mama Mutale alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, mwanamke mzee kiasi, kitenge kimefungwa kifuani. Samaki wake walikuwa wamefika alfajiri kutoka Pweto. Chomba alisikia neno hilo, Pweto, akaona vile vile vifuniko vya magunia yaliyoloweshwa, na chini ya sanduku, juu ya saruji, tone. Halafu tone lingine. Ilikuwa kana kwamba amekuja kuchukua barafu ya mama yake mwenyewe.

Akachuchumaa mbele ya Mama Mutale, akamsalimu kwa heshima, akamwambia yeye ni mtoto wa Pweto, na akataja jina la mama yake.

"Aaa! Yule wa samaki wa kukauka," Mama Mutale alisema. "Namujua. Na weye unataka nini?"

"Mama, naomba barafu yako. Siyo yote. Mbili."

"Ya kufanya nini? Uko na matanga?"

"Hapana. Kuko chupa." Akaanza kueleza, akachanganyikiwa, akaanza tena. Milima, barafu isiyoisha, vidudu vinavyokula jua, kitu wanachotoa kinachozuia barafu isichane nyama ya samaki. Wanawake wengine walisogea. Mmoja alicheka waziwazi.

Mama Mutale hakucheka. "Hiyo dawa itakuya lini? Nitaiweka mu samaki yangu mwaka huu?"

Chomba angeweza kusema ndiyo. Angeipata barafu haraka. Lakini alikuwa amechoka na maneno yasiyo kweli. Moja tu lilikuwa limemtosha.

"Hapana, Mama. Pengine batoto ba batoto yako. Pengine hapana kabisa. Mi sijui."

Mwanamke alimtazama usoni. Akageuza kichwa, akawapigia kelele wenzake watatu, akawaambia leo samaki wake watauzwa mapema na kwa bei ya chini ili waishe upesi, na barafu nne zitatosha kama watasaidiana. Kisha akamwonyesha Chomba vipande viwili kwa kidole.

"Beba. Na ukimbie, mutoto ya mama. Barafu iko inalia."

Alifika Naviundu saa saba kasorobo na vipande vitatu vimefungwa katika magunia na maranda ya mbao aliyoyaomba kwa seremala. Kipimajoto cha kontena kilisoma kumi na tatu.

Walifanya kazi bila kuzungumza. Chomba alivunja barafu kwa nyundo, Docta akajaza maji, wakazitumbukiza chupa moja moja mpaka shingoni, pale verandani. Mkewe Kunda alikuwa amefika, maana Chomba alimpigia simu njiani. Alileta shuka jeupe na mablanketi mawili. Shuka wakalitandaza kati ya nguzo, mwanga ukapita mweupe na mpole juu ya chupa. Mablanketi na maranda wakayazungushia mabeseni. Chomba akatia kipimajoto ndani ya maji. Kikashuka: kumi, saba, tatu. Kikasimama kwenye moja na nusu.

Kunda aliwapikia bukari, ugali wa huko, jikoni mwa maabara. Docta hakula. Alikuwa ameinama juu ya chupa ya tisa, ile ya povu, ambayo povu lake lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia.

Kila robo saa Chomba alisoma kipimajoto na kuandika katika daftari. Ni daftari lile lile. Kila alipolifunua, ukurasa wa mwezi wa tisa ulikuwa karatasi tatu tu nyuma ya kidole chake. Saa tisa alasiri hivi, Kunda akiwa ameenda nyumbani, Chomba aliweka kalamu chini.

"Docta. Ile relais."

"Iko na nini?"

"Haikuwa mupya. Niliitoa mu kongeleta ya zamani. Yenyewe njo ilishikana, ikaua kompresa. Wakati uliandika mupya, nilikuona. Nikanyamaza."

Docta Kapinga alinyanyuka polepole. "Ulinyamaza juu ya nini?"

"Sababu ulinisifu. Nikaona haya kurudisha ile maneno."

Docta alitembea mpaka kwenye uzio, akasimama kule ameupa mgongo ua. Chomba alibaki pale alipo. Alisikia magari ya barabarani, na vipande vya barafu vikigongana kidogo ndani ya beseni. Alitaka kusema kwamba angeibadilisha, kwamba alikuwa na homa, kwamba umeme nao una makosa. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa.

Docta aliporudi macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Ungeniambia tu, Papa Chomba. Ningeweka muntu hapa ya kuchunga. Ningezima taa wakati courant ya umeme inachezacheza. Singekukasirikia kwa relais. Unaelewa? Kifaa cha zamani siyo zambi. Lakini mi nililala usingizi sababu ya lile neno."

"Naelewa, Docta."

"Hapana, hauelewe bado." Akavuta pumzi. "Kasirani yangu itangojea. Kipimajoto kinasema nini?"

"Mbili."

"Ongeza barafu."

Walikesha kwa zamu, Chomba na Docta na mlinzi wa lango la maabara. Alhamisi saa nne barafu ikabaki vipande kama mayai. Clovis alipiga simu mwenyewe: umeme umerudi kwake, mashine imetoa vipande vinne, aje avichukue. Chomba akaenda, akarudi, akavunja, akatia. Ijumaa mchana kompresa ikafika ndani ya boksi lake lililofungwa, na relais yake ndani ya plastiki. Kabla ya kuifunga alimwita Docta aione, akampa mkononi, akangoja mpaka asome maandishi yaliyokuwa juu yake. Docta aliyasoma mpaka mwisho, akamrudishia. Jioni chumba kilikuwa kwenye nyuzi nne.

Hata hivyo hakuna aliyejua ni wangapi waliokuwa hai. Kwa macho, maji ni maji. Docta alisema itabidi kungoja siku tano, kisha darubini. Siku hizo tano Chomba hakuweza kula vizuri. Alitengeneza friji mbili na kuzirudia zote mbili, akidhani amesahau kitu. Kunda alimsikia akiongea peke yake uani, akihesabu namba za chupa.

"Ulipoomba barafu kwa ile mama, alikupa," Kunda alimwambia. "Docta naye hakukufukuza. Weye njo unabakia kujifukuza."

Chomba akarudi kwenye begi lake, akaanza kupanga skrubu.

Siku ya sita Docta alimwita. Alimpa kiti mbele ya darubini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chupa tano zilikuwa zimekufa: ya tisa, na nne kati ya zile nyekundu. Ndani ya darubini wafu walionekana kama chembe za majivu, zimetawanyika, hazina umbo. Aina moja ya nyekundu, ambayo Docta aliipenda kuliko zote kwa sababu ilitoa mwavuli mzito kuliko wenzake, imepotea kabisa, na haipatikani tena popote ajuapo yeye. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, na Chomba akainamisha kichwa.

"Na zile mbili za mayi matupu?" Chomba aliuliza.

"Bako bazima. Zote mbili." Akabadilisha kioo. "Angalia."

Chomba akafunga jicho moja. Kulikuwa na vishanga vidogo vya kijani, mviringo kamili, vimepangana kwa minyororo, na ndani ya kila kishanga kitu kilikuwa kinang'aa. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha Docta akalileta daftari na kalamu. Hakufuta neno lolote. Aliligeuza tu kumwelekea yeye, kwenye ukurasa wa mwezi wa tisa. Chomba akapiga mstari mmoja juu ya *mupya*, akaandika kando yake kwa herufi zake kubwa za fundi: *ya zamani*, na jina lake, na tarehe ya siku ile. Jasho lilimtoka kama amebeba kompresa mgongoni.

Kwa miezi miwili Docta alimwita fundi mwingine wa kukagua kazi ya Chomba kila Jumatatu. Chomba alikuja naye, akafungua vifuniko, akamwonyesha kila waya, akajibu kila swali. Watu wa Kampemba walisikia, kwa kuwa fundi yule naye alikuwa na mdomo, na wateja wawili wakamkimbia. Hakulalamika. Alianza tabia mpya: kila kifaa alichokifunga, kiwe kipya au kikuukuu, alikiandika kwa rangi juu ya mlango wa friji, ndani, ambapo mwenye nyumba angekiona kila akichukua maji.

Mvua zilipokwisha shika, Docta alimpa kazi nyingine. Alitaka kabati la pili, dogo, la kutumia paneli za jua, liwekwe Likasi kwa mwenzake anayefundisha huko. Kila chupa ingegawanywa mbili, nusu ibaki Naviundu, nusu iende. Chomba alilijenga kwa mikono yake, akalijaribu wiki tatu likiwa na maji matupu kabla hajamruhusu mtu kuingiza kiumbe chochote.

Siku ya kugawanya, asubuhi, walivaa glavu wote wawili. Docta alimimina, Chomba alishika. Chupa saba zikawa kumi na nne; saba zilirudi chumbani, na saba zikapangwa ndani ya sanduku lenye barafu nyuma ya gari. Docta akaketi nyuma ya usukani, akafunga mkanda.

"Papa Chomba, utakaa mbele na mi?"

"Hapana, Docta. Mi nakaa nyuma, karibu na bale ba mu chupa."

Akaingia, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha sanduku. Kipimajoto kilisoma mbili. Gari likatoka langoni, likapinda kuelekea barabara ya Likasi, naye akakisoma tena.